UZI: Gati na dipo la gesi ya mitungi ghubani Pemba. Tuanze na hesabu kabla ya mchoro

MwanaWesha (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu.

Nataka tulijadili kitaalamu wazo la kupokea gesi ya kupikia kwa meli moja kwa moja Pemba, badala ya kuletewa mitungi iliyojazwa ng'ambo. Ghuba ninayoifikiria ni ya Chake Chake, upande wa nje karibu na Wesha. Ndani zaidi ni mikoko na tope, hakuna meli ya maana itakayoingia.

Rasimu ni hii:

- Matumizi ya kupangia: tani 8 kwa siku. Ni namba ya mfano, lakini inatupa kiasi cha mitungi 530 ya kilo 15 kila siku.
- Meli ndogo ya gesi yenye mgandamizo, ujazo wa mita 3,500. Ikijaa hubeba kama tani 1,800. Itushushie tani 400, iliyobaki iende Unguja au Tanga.
- Bomba la inchi 8 juu ya daraja la gati, urefu kilomita 1.2 hadi ufukweni.
- Matangi mawili ya mita za ujazo 600, juu ya ardhi.
- Kituo cha kujazia mitungi ya kilo 6, 15 na 38.

Pasueni bila huruma. Ila tafadhali anayesema "haiwezekani" aseme na kwa nini.

---

Kusi_na_Kaskazi

Waalaykum salaam. Nianze baharini, kwa sababu watu wengi huchagua mahali kwa kuangalia kina tu.

Pemba magharibi ina bahati moja: kusi na kaskazi zote mbili zinapiga kutoka upande wa mashariki, kisiwa chenyewe ndicho kinga. Kwa hiyo upepo si adui mkubwa. Adui ni maji. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku hupanda na kushuka karibu mita 4, na hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, karibu mita nzima kwa saa. Meli iliyofungwa gatini inashuka nayo. Kamba zilizokuwa zimekaza wakati wa maji kujaa zinalegea, meli inaanza kujongea mbele na nyuma, na kitu cha kwanza kuumia ni mkono wa kupakulia (bomba lenye viungo linalounganisha meli na gati) au hozi.

Halafu watu husahau kitu cha pili: meli inapopakuliwa inapanda. Kwa meli ya ukubwa huo, kati ya kujaa na kuwa tupu, ubavu unaweza kuinuka zaidi ya mita 2. Jumlisha na bamvua, mkono wako lazima ufuate mwendo wa wima wa mita 6 hadi 7. Ukinunua mkono wa kupakulia kwa kuangalia katalogi bila namba hiyo, utakuja kugundua siku meli imeshafungwa.

Kina: meli ikizama mita 5.5, weka kina cha angalau mita 7 kwenye maji ya kupwa ya bamvua, sio kwenye wastani. Wapimaji wakikuletea kina, waulize kimepimwa kutoka wapi. Tofauti ya kipimo cha chati na kipimo cha nchi kavu inakaribia mita 2 huku kwetu, na ikichanganywa, gati linajengwa fupi au linafunikwa.

Pima mikondo mwaka mzima, misimu yote miwili. Wiki mbili za Februari hazitoshi.

---

Hesabu_Kwanza

Kaka MwanaWesha, swali la kabla ya gati: una hakika unahitaji gati?

Isotenki, yaani tangi la gesi ndani ya fremu ya kontena, moja ya futi 20 ina ujazo wa mita 24 na ushei. Ukijaza asilimia 85, kwa uzito wa kilo 540 kwa mita ya ujazo, unapata tani 11. Tani 8 kwa siku ni tani 240 kwa mwezi, yaani isotenki 22. Hizo zinashuka Mkoani kwa meli ya mizigo, zinapanda lori hadi kituo cha kujazia. Huna gati, huna daraja la kilomita, huna bomba juu ya matumbawe. Unahitaji pampu, kompresa, tangi dogo la akiba na eneo la kuegesha malori.

Sharti moja lisilo na mjadala: isotenki haipandi chombo chenye abiria. Safari za mizigo peke yake.

Mimi ningeanza hivyo, soko likikua ndipo nijenge gati. Gati ukishalipigilia nguzo hulirudishi dukani.

---

MwanaWesha

Nimekuelewa sheikh, na kwa tani 8 hoja yako ina nguvu. Lakini tuendelee na gati kama awamu ya pili, maana eneo lazima lichaguliwe sasa. Ardhi ya ufukweni ikishajengwa nyumba, hutaipata tena.

---

FundiVali

Basi tuitengeneze rasimu yako.

Bomba. Inchi 8 ya nini? Tani 400 ni kama mita za ujazo 740. Kwa bomba la inchi 6 na mwendo wa mita za ujazo 150 kwa saa, kasi ndani ya bomba ni mita 2.2 kwa sekunde, ni salama, na unamaliza kwa saa 5. Ukiongeza kufunga, kupima, kukagua na kufungua, meli inaondoka ndani ya siku hiyo hiyo. Inchi 8 itakupa saa 3, lakini utalipa chuma zaidi, nguzo nene zaidi, na gesi nyingi zaidi itakayobaki ndani ya bomba.

Na hiyo inayobaki ndiyo nataka muitazame. Bomba la inchi 6 la kilomita 1.2 linabeba mita za ujazo 22, yaani tani 12 za gesi ya maji (gesi iliyo kimiminika). Meli ikishaondoka, utaziacha tani 12 zining'inie juu ya bahari mpaka meli ijayo baada ya siku 50? Mimi nasema hapana. Safisha bomba kwa kusukuma na mvuke wa kompresa au naitrojeni, ubaki na mvuke tu. Wanaoacha bomba limejaa huwa wanadai wanapunguza muda. Wanachopunguza ni gharama ya kompresa.

Mgandamizo wa jua. Kipande chochote cha bomba kinachoweza kufungwa vali mbili, mbele na nyuma, kikiwa kimejaa gesi ya maji, lazima kiwe na vali ndogo ya usalama. Gesi ya maji ikijaa bila nafasi ya mvuke, nyuzi moja tu ya joto inaweza kupandisha mgandamizo kwa takriban baa 7. Jua la saa nne asubuhi juu ya bomba lililofungwa alfajiri linatosha kupasua gasketi. Kosa hili ni la kawaida mno. Mtu anaongeza vali moja ya matengenezo katikati ya bomba, na hakumbuki kwamba ametengeneza chumba kipya kisicho na pumzi.

Kufunga kwa dharura. Hapa ndipo flanji, yaani viungo vya bomba vinavyokazwa kwa bolti, zinapochaguliwa. Ukisimamisha ghafla kimiminika kinachokwenda mita 2.2 kwa sekunde, nyundo yake, yaani mshtuko wa mgandamizo, ni: uzito 540, mara kasi ya sauti ndani ya bomba tuseme 800, mara 2.2. Unapata baa 9.5 juu ya mgandamizo uliokuwapo. Pampu ya meli ikiwa inasukuma kwa baa 11, jumla baa 20.5. Flanji za daraja la 150 mwisho wake ni baa 19 na ushei kwa joto letu. Umeshapita. Kwa hiyo daraja la 300 tangu gatini hadi tangini, na usikubali mtu akuambie ni anasa.

Pia vali isifunge haraka. Wimbi linakwenda na kurudi kwenye kilomita 1.2 kwa sekunde 3. Vali ikifunga ndani ya muda huo unaipata nyundo nzima. Panga sekunde 25 hadi 30, na mfumo wa gati uunganishwe na wa meli kwa waya ili pampu ya meli isimame kwanza kabla vali ya nchi kavu haijafunga. Vali ya nchi kavu ikifunga huku pampu inasukuma, umebana hozi.

---

MajiMengi

Matangi mawili ya 600 juu ya ardhi? Nayapinga yote mawili, idadi na kukaa juu.

Idadi kwanza. Akiba ya tani 400 pamoja na siku 15 za kuchelewa meli, tani 120, jumla 520. Gawa kwa 0.54, halafu kwa 0.82, kwa sababu hujazi zaidi ya asilimia 85 na asilimia 3 za chini hazinyonyeki. Unapata kama mita za ujazo 1,175. Matangi matatu ya 400 yanatosha. Ukiwa na mawili, siku moja likiwa kwenye ukaguzi umebaki na nusu, na meli ya tani 400 haina pa kushusha.

Kukaa juu. Kwa kanuni za NFPA 58, zile za Marekani za gesi ya mitungi, tangi la 400 lililo wazi linataka mita 38 hadi mpaka wa kiwanja. Likifukiwa, mita 15. Kwenye kisiwa ambacho kila kiwanja kina mikarafuu ya mtu, tofauti hiyo si ndogo. Na tangi lililo wazi linataka maji ya kulipoza: lita 10 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Tangi la kipenyo cha mita 4.2 na urefu wa mita 29 lina karibu mita za mraba 390, kwa hiyo lita 3,900 kwa dakika. Likiungua moja unapoza na jirani zake. Matatu yanakupeleka mita za ujazo 700 kwa saa. Hizo ni pampu kubwa za dizeli zinazovuta maji ya bahari, na maji ya bahari yanakula mabomba yako kila unapojaribu mfumo usipousuuza kwa maji yasiyo na chumvi.

Feyzin, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966: mfanyakazi alikuwa anatoa maji chini ya tangi la propeni. Kulikuwa na vali mbili zilizofuatana. Utaratibu ni kufungua kikamilifu iliyo karibu na tangi, kisha kudhibiti kwa ile ya nje. Yeye alianza na ya nje. Ya juu ikaganda barafu, ikaziba, halafu ikaachia ghafla na hakuna iliyoweza kufungwa. Wingu likafika barabarani, gari likaliwasha, tangi likalipuka baadaye. Walikufa watu 18. Kwa hiyo kwenye michoro yenu: tundu moja tu chini ya tangi, vali ya kujifunga yenyewe karibu kabisa na tangi, yenye plagi inayoyeyuka kwa moto, na mdomo wa kuingizia maji pale pale ili mkipata uvujaji chini, maji yakae chini na gesi ielee juu yake.

Gesi inayoungua msiizime kama hamjaweza kufunga inakotoka. Poza vilivyo jirani, iache iungue. Gesi isiyoungua inatambaa, na hapo hujui itawaka wapi.

---

DadaMwani

Maji Mengi umegusa neno la kutambaa, mie niliendeleze.

Mvuke wa gesi hii ni mzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu, buteni mara mbili. Unafuata bonde kama maji. Na pwani yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu na mapango. Unguja, Mangapwani, ambako Serikali imepanga bandari kubwa yenye sehemu ya mafuta na gesi, kuna pango maarufu lenye maji baridi ndani. Jiwe ni la aina hiyo hiyo kwenye ras nyingi za Pemba. Gesi ikiingia kwenye ufa, vipima gesi vyako vya juu havitaiona, na itatokea kisimani kwa watu.

Kwa hiyo kabla ya tangi: toboa vishimo vya uchunguzi chini ya kila tangi na chini ya ukuta wa mpaka, tena kwa kina, na pima kwa umeme kati ya vishimo kutafuta mapango. Ukikuta tundu, lijaze zege au hamisha tangi. Mitaro ya mvua iwekewe vizuizi vya maji. Vipima gesi viwekwe sentimita 30 kutoka ardhini.

La pili, mchanga. Kufukia matangi matatu ya ukubwa huo, mwinuko wenye kufunika mita moja juu, ni karibu mita za ujazo 5,000. Kwa lori la mita 7 ni safari 700 na zaidi. Mchanga kwetu ni mali adimu na una vibali vyake. Na wa ufukweni haufai hata ukiruhusiwa, una chumvi, unatoboa chuma chini ya rangi. Wekeni bei ya mchanga na usafirishaji mapema, msijifanye mtauokota.

La tatu, eneo lote hili la magharibi limo ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyotangazwa 2005, na kisiwa cha Misali kiko mbele ya mdomo wa ghuba. Tathmini ya mazingira kwa ZEMA, mamlaka ya mazingira Zanzibar, haitakuwa karatasi ya kugonga muhuri. Chagueni mstari wa gati unaokwepa matumbawe hai, na muende kwa masheha na kamati za wavuvi kabla nguzo ya kwanza, mkiwa na ramani yenye mashamba ya mwani juu yake.

---

Kusi_na_Kaskazi

Dada, umenikumbusha dagaa.

Wanavua usiku kwa taa, vyombo kumi, ishirini, na baadhi bado wana karabai na jenereta za petroli. Meli inashusha gesi mita mia chache kutoka hapo. Marufuku ya jumla haitafanya kazi, watu watavua. Kinachofanya kazi ni kalenda. Wavuvi wa dagaa wanataka giza, na giza la mwezi mwandamo huja na bamvua. Meli yetu haitaki bamvua. Basi ipangieni maji mafu, pale tofauti ya kupwa na kujaa iko chini ya mita 2. Mkono unahangaika kidogo, kamba hazisumbui, na mgongano na wavuvi unapungua. Tena shusheni mchana. Saa 5 za FundiVali zinaingia baina ya asubuhi na alasiri bila shida.

Ila kebo: umeme wa kilovolti 33 kutoka Tanga, uliowashwa 2010, unapita chini ya bahari kuja upande huu huu. Eneo la meli kusubiri na kutia nanga lazima liwe mbali nao, liandikwe kwenye chati na kwenye maelekezo ya rubani. Nanga moja iliyoburuzwa inazima kisiwa.

---

Bahari_Kuu

Naona mnahangaika na mitungi. Kwa nini msilete gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, meli yake ikae ghubani, mkapikia na mkazalishia umeme?

---

Hesabu_Kwanza

Kwa sababu ya ukubwa, sheikh. Meli ya kuhifadhi gesi hiyo na kuigeuza tena kuwa mvuke ina urefu wa karibu mita 290, inabeba mita za ujazo 170,000 kwa nyuzi 162 chini ya sifuri, na kwa kawaida inaweza kutoa mita za ujazo milioni 14 za gesi kwa siku. Mtambo wa megawati 100 unakula kama nusu milioni. Utatumia chini ya asilimia 4 ya uwezo huku ukilipa kodi ya meli nzima kila siku. Gesi inayochemka yenyewe tu, bila kuombwa, ni robo au moja ya tano ya matumizi hayo. Juu yake, inapogeuza inatupa maji yaliyopoa nyuzi kadhaa, yenye klorini, ndani ya ghuba yenye matumbawe. Gesi ya Songo Songo tayari inageuzwa umeme bara na inatufikia kwa kebo. Kama tatizo ni umeme, ongeza kebo.

---

MwanaWesha

Ahsanteni sana. Rasimu nimeibadilisha: awamu ya kwanza isotenki kupitia Mkoani, awamu ya pili gati, bomba la inchi 6, flanji daraja la 300, matangi matatu ya 400 ya kufukiwa, kushusha mchana wa maji mafu. Vibali: ZEMA, ZURA (wadhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar), Mamlaka ya Usafiri Baharini, Shirika la Bandari na Zimamoto, wote waitwe kikao kimoja kabla ya mchoro wa mwisho.

Swali la mwisho kwa FundiVali: siku ya kwanza ya kuingiza gesi kwenye matangi mapya, nini huharibika?

---

FundiVali

Vitu vinne, na vyote ni vya haraka ya watu.

Kwanza maji ya kupimia mgandamizo. Tangi hujazwa maji kupimwa, halafu hutolewa, na mtu husema limekauka. Halijakauka. Maji yaliyobaki yanakwenda na gesi hadi kwenye mitungi, yanaganda kwenye regulata za wateja, na malalamiko yanaanza mwezi wa kwanza. Kausheni kwa hewa kavu mpaka kipimo cha unyevu kikubali, na sio kwa kutazama kwa tochi.

Pili hewa. Isukumeni nje kwa naitrojeni hadi oksijeni iwe chini ya asilimia 2, ndipo gesi iingie.

Tatu, anzeni na mvuke, sio gesi ya maji. Mkimimina propeni ya maji kwenye tangi tupu lisilo na mgandamizo, inachemka pale pale na chuma kinashuka kuelekea nyuzi 42 chini ya sifuri. Chuma cha kawaida kwa baridi hiyo kinakuwa kama kioo, kinapasuka bila kupinda. Pandisheni kwa mvuke hadi baa 3 au 4, kisha gesi ya maji. Kwa sababu hiyo hiyo muulizeni wakala joto la shehena kabla meli haijaondoka ilikopakia. Meli zinazobeba gesi iliyopozwa lazima ziwe na kipasha joto, bomba lenu halikuandaliwa kwa baridi.

Nne, harufu. Gesi yenyewe haina harufu, huwekwa merkaptani. Chuma kipya chenye kutu kidogo ndani huinyonya, na shehena ya kwanza inaweza kutoka mtungini ikinuka hafifu. Pimeni harufu kwenye tangi na kwenye mtungi uliojazwa, siku ya kwanza na tena baada ya wiki. Ikipungua ongezeni kabla mtungi hata mmoja haujatoka getini.

Na hesabu ya shehena: mkirudisha mvuke melini kupitia bomba la pili, utoeni kwenye tani mlizopokea. Wengi wanasaini tani za meli, halafu wanatafuta mwizi ndani ya dipo.

---

DadaMwani

Na yale maji ya kupimia matangi, mita za ujazo 400 kwa kila moja, yenye kutu na dawa za kuzuia kutu, msiyamwage ghubani. Tumieni yale yale kwa matangi yote matatu, moja baada ya jingine, halafu yapite bwawa la kutua na kipimo kabla hayajaenda popote. Liandikeni kwenye ripoti ya ZEMA tangu mwanzo, hata ujazo wa bwawa.